Turubai Lililofunuliwa Bungoma

Alhamisi, Bungoma

Mpaka sasa sijatulia, na si kwa uchovu. Ni hasira.

Mahindi niliyatoa Kitale yakiwa makavu. Turubai nililifunga mwenyewe, na pale Kiminini nikasimamisha lori nikaze kamba tena. Nilipofika ghalani hapa Bungoma, karani akaniangalia juu mpaka chini akauliza, "Dereva yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka. Akaamuru turubai lote litolewe, kisha akaenda zake kula.

Mvua ikashuka. Mimi na Mzee Wafula, mmoja wa wapakuaji, tulipanda juu tukalivuta turubai, lakini magunia ya juu yalikuwa yameshalowa. Karani akarudi, akaandika kwenye karatasi yangu ya mzigo: "Mahindi yamefika yakiwa na maji." Ati yamefika! Miaka tisa nikiendesha lori, halafu mtu aliyekuwa akila ugali wake anipake tope.

"Siweki sahihi," nikamwambia. "Andika ukweli."

"Na nani atakuamini, mama?"

Mzee Wafula akatua gunia. "Mimi niliona. Yalikuja makavu. Si ni wewe ulisema tufunue?"

Karani akayapiga mstari maneno aliyoandika, akaandika upya bila kunitazama.

Nilimshukuru mzee, akatikisa kichwa tu. Yeye ni kibarua wa siku, na karani huyo ndiye anayechagua watu getini kila asubuhi. Mimi nimepata karatasi yangu safi. Naogopa kesho yeye hataitwa, na nitakuwa Kitale, sitajua.