Daftari Lililokaa Wazi Kauntani

Wajina wangu Wambui,

Natumai baridi ya huko Chicago inakuhurumia. Hapa mjini Columbia mume wangu, guka wako, bado anakohoa, na baba yako hutupitia Jumapili baada ya kanisa.

Umeniuliza kama inatosha kampuni yenu ya stima kutangaza majina ya wanasiasa inaowachangia. Nilipokuja Marekani nikiwa msichana, niliajiriwa kwenye kaunta ya kampuni kama hiyo. Daftari la michango yake kwa wanasiasa lilikaa wazi mbele yangu, wala hakuna aliyelisoma. Siku moja akaja mzee aliyekatiwa stima, ameshika barua ya malalamiko ya kumpelekea diwani wake.

"Huyu tulimpigia kura," akaniambia. "Atanisikia."

Nikamgeuzia daftari, nikidhani namsaidia. Akaliona jina la diwani wake kati ya waliochangiwa. Hakufoka. Aliikunja barua, akaitia mfukoni, akanishukuru, akageuka kwenda zake.

Basi mama, sijui kama inatosha. Kampuni haikuficha kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha, halafu kabla hajafika mlangoni nikaita, "Anayefuata!"

Shosho yako,
Wambui mkubwa