Mwongeli, Aliyegeuza Kayaki Kumfuata Mwenzake

Kayaki yako ilipinduka Ziwa Naivasha saa saba na nusu mchana, Jumamosi ya pili ya Februari, na leo mwaka umetimia. Jaketi la kuelea ulilovaa lilikuwa limekatwa mkanda wa chini. Aliyeukata ni mimi.

Naanza na hilo, Mama Nthambi, kwa sababu pasta alitaka kuniandikia maneno haya, na angeandika kwamba ulituacha ghafla. Hukutuacha ghafla. Ulikaa kwenye maji dakika arobaini ukimshikilia mtu mwingine. Nikamwambia pasta ahsante, nitaandika mwenyewe, kwa maana nina habari za Nthambi ambazo nataka uzipate kwangu. Niliapa mbele ya jeneza lako kwamba binti yetu hatagusa ziwa tena. Nitakueleza kiapo hicho kimefikia wapi.

Kwanza wanaosoma wajue ulikuwa nani.

Uliuza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba miaka kumi na tisa, kibanda chako na cherehani yangu vikitenganishwa na turubai moja. Ulikuwa na tabia ya kutia mkono kwenye mfuko wa kila nguo iliyotoka kwenye bale kabla ya kuitundika. Ulipata vibanio vya nywele, vipande vya biskuti, na mara moja jino la mtoto. Jino lile ulilifunga kwenye karatasi ukaliweka juu ya kabati. Nilipokuuliza la nini, ulisema huko ng'ambo kuna mtoto analitafuta. Liko palepale.

Mama mjamzito hakuondoka kwako bila soksi, hata akiwa amekuja kuuliza njia tu.

Mimi hukunipa soksi. "Baba Nthambi, hilo pindo linaenda Thika au linarudi?" Ulikuwa ukisema hivyo mbele ya wateja, nami nafumua naanza upya. Nilinuna, lakini pindo lilinyooka.

Daktari alipokwambia presha imepanda ufanye mazoezi, ulianza kukimbia mtaani kwetu Donholm alfajiri. Mbwa walikukimbiza siku mbili. Siku ya tatu ukakaa kitandani ukasema mazoezi hayo ni ya mbwa, si yako. Ndipo Rufaida, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, akakuletea habari za kayaki. Binamu wa Kombo, mumewe, alikuwa amemwonyesha mahali pa kukodisha kule Naivasha, chombo chembamba cha plastiki, kiti kimoja, unapiga kasia kulia na kushoto.

"Wewe ni mtu wa pwani, utanifundisha," ulimwambia.

"Mwongeli, mimi nimezaliwa hapa hapa Eastlands. Babu yangu ndiye wa Lamu. Au unadhani alinirithisha mapezi?"

Mkaenda hivyo hivyo, wanawake sita wa mtaa mmoja, kila mwezi Jumamosi moja. Ulirudi umeungua pua na unaimba jikoni. Presha ilishuka. Mara ya tatu ulikwenda na Nthambi naye akapenda. Mimi nilibaki nyumbani, kwa sababu maji kwangu mwisho wake ulikuwa beseni.

Majaketi ya yule mkodishaji yalikuwa yamechanika. Kwa hiyo siku bale lako lilipotoka na majaketi manane ya rangi ya machungwa, mapya kabisa, ulisema Mungu ameyatuma. Uliyaleta kwenye cherehani yangu nikaze mabega, yalikuwa makubwa. Kila moja lilikuwa na mkanda mrefu ulioning'inia nyuma.

"Hiki kinafanya nini?" uliniuliza.

"Hakifanyi kitu."

"Kimeshonwa vizuri sana kwa kitu kisichofanya kitu."

Rufaida akavaa moja, akaupitisha mkanda katikati ya miguu na kuufunga mbele. "Jamani. Nepi." Laini nzima ya mafundi ikacheka, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikachukua mkasi.

Wasiojua Gikomba waelewe kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Koti likija na kofia ambayo mteja haitaki, nakata. Mabega ya sponji, nakata. Nguo zimetoka kwa watu wengine zinakwenda kwa watu wengine, na fundi ndiye huamua kipi kinabaki. Fundi yeyote wa laini yetu angekata. Nilikata mikanda yote minane, nikaigeuza mishikio ya mifuko, na hukuniuliza tena kwa sababu uliniamini.

Mkanda ule huzuia jaketi lisipande. Nchi kavu huwezi kujua, jaketi linakaa kifuani vizuri. Majini jaketi linataka kwenda juu na mwili unataka kwenda chini, na kama hakuna kinachoviunganisha, vinaachana.

Siku ile mlichelewa. Rufaida alikuwa amebeba sufuria ya pilau, na mkakubaliana mle kwanza ikiwa moto. Mlipofika kwenye maji ilikuwa saa sita imepita. Mvuvi mmoja aliyekuwa akivuta mashua yake nje aliwaambia, "Mama, saa hizi watu wanatoka, hawaingii. Upepo wa ziwa hili ni wa mchana." Ukamjibu, "Tunazunguka kidogo tu, tunarudi." Nasema hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nyumbani kwetu hilo ndilo jibu letu kwa kila kitu.

Upepo ulikuja ukawakuta katikati. Wanne walikuwa mbele, wakawahi kwenye mafunjo. Rufaida alikuwa nyuma ya wote, na wimbi lilimpiga ubavuni akapinduka. Ulikuwa karibu na wale wanne kuliko ulivyokuwa karibu naye. Ukageuza kayaki. Ulipogeuza ukayapa mawimbi ubavu wako, na ulipinduka hatua kumi tu kabla ya kumfikia. Hiyo iliyobaki ukaogelea.

Yaliyofuata nilielezwa na Rufaida mwenyewe siku ya tatu ya matanga, sebuleni kwetu, watu wakiwa wamejaa mpaka kwenye ngazi.

"Tulishika kayaki yangu ilivyopinduka," alisema. "Mkono wake mmoja umenishika mimi, mkono mmoja unavuta jaketi chini, maana lilikuwa limempanda mpaka masikioni. Langu lilinibana, mimi ni mnene. Lake lilikuwa limemzidi. Nikamwambia, Mwongeli niache, shika jaketi. Akaniambia, nyamaza wewe, nani atanipikia pilau?"

Watu sebuleni walicheka huku wakilia. Mimi sikucheka.

"Mkono wa jaketi ndio uliochoka kwanza," Rufaida alisema.

Mashua ya wavuvi ilipofika ilimkuta Rufaida na kayaki. Jaketi lako lilikuwa linaelea kando, limefungwa vifungo vyote. Walikupata kesho yake asubuhi. Pale ufuoni, nikiwa nimeshafika, yule mvuvi aliyewaonya aliliinua jaketi akaligeuza. "Mkanda wa chini uko wapi?" Nikamwambia niliukata mimi.

Sikugusa cherehani miezi miwili. Mwezi wa tatu baada ya mazishi Rufaida alikuja Gikomba na wale wanne, wakaniwekea majaketi yote manane mezani, na lako likiwemo.

"Ulikata, sasa shona."

"Hamtarudi kule."

"Bedan, sijakuuliza habari za kurudi. Nimekwambia shona."

Nilishona. Mkanda mpya mpana, nyuzi mara nne, mshono wa mraba wenye msalaba ndani kama ule wa kamba za mizigo. Nilipomaliza nikakumbuka kwamba hata mara ya kwanza, nikikata, nilidhani najua. Kwa hiyo nilifanya ambalo usingeamini. Nilikwenda nao kwenye kidimbwi cha kuogelea, nikavaa jaketi lako, nikafunga mkanda katikati ya miguu mbele ya wanawake watano na watoto wa likizo, na nikaingia penye kina.

"Baba Nthambi," Rufaida aliita kutoka ukingoni, "vua hilo jaketi, tumbo linatosha."

Halikupanda. Lilibaki kifuani, na kidevu changu kikawa juu ya maji. Nililia mle ndani, lakini ndani ya maji hakuna anayejua.

Mulama, anayefundisha kuogelea pale, aliona tunahangaika akatusaidia. Kila Jumapili baada ya kanisa alituletea kayaki kuukuu na kutupindua, Nthambi akiwemo. Nimepinduliwa mara zisizohesabika. Namshukuru hapa, na ninayaandika aliyotufundisha ili anayekwenda majini ayasome. Ukipinduka, shika chombo chako, kasia liache. Usiogelee kwenda ufuoni, ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo. Kiweke chombo sawa, panda kutoka nyuma kwa tumbo, miguu ipige maji. Mwenzako asiingie majini kukufuata. Abaki kwenye chombo chake, akiegemeze kando ya chako, akishikilie mpaka upande. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, kwa sababu kwenye upepo sauti ya mtu haifiki. Na mtu wa nchi kavu aambiwe mtarudi saa ngapi, saa ikipita asingoje, aite msaada.

Wewe hukujua lile la kubaki kwenye chombo. Hakuna aliyekuwa amekufundisha. Ulifanya alilofanya moyo wako.

Sasa Nthambi. Mwezi wa kumi na moja alinijia na jaketi mkononi. Amekuwa mrefu, amekuzidi kwa kichwa.

"Baba, Jumamosi wanaenda ziwani. Na mimi naenda."

"Hapana."

"Kidimbwini sijawahi kushindwa. Uliza Mulama."

"Nimesema hapana. Niliapa."

Akalitandaza jaketi juu ya meza, akaweka kidole kwenye mshono. "Huu umeshona wewe. Kama huuamini, uliushona wa nini?"

Hata wewe hukuwahi kunibana hivyo. Nilimnyima Novemba, nikamnyima Desemba. Kila mara alilitundika jaketi mlangoni nilipite nikienda kazini. Mwezi uliopita nikamwambia sawa, lakini nakwenda nanyi, na nitasimama ufuoni na saa.

Tulitoka Donholm giza halijaisha. Walipoingia majini ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, ziwa limetulia, na wangetoka saa nne. Sufuria ya pilau ilibaki kwenye gari imefungwa, na Rufaida mwenyewe ndiye aliyeutia ufunguo mfukoni kabla ya kuingia majini. Nilimkagua kila mmoja mkanda kwa mkono wangu. Wa Nthambi niliukagua mara tatu mpaka akaona haya.

Saa tatu na robo upepo ulikuja, mapema kuliko kawaida. Nikaona wamegeuka pamoja kurudi. Kisha nikaona Nthambi hayupo kwenye kayaki yake.

Sikupiga kelele. Nilitazama saa kwa sababu ndilo nililoagizwa. Kichwa kilitoka majini. Jaketi lilikuwa kifuani. Mkono ulikuwa kwenye kayaki. Halafu nikasikia filimbi, fupi tatu, zikanifikia hata upepo ukiwa unavuma. Rufaida alimwendea polepole akiwa ameyaelekea mawimbi, akaegemeza chombo chake, akakishikilia. Nthambi alipanda akaanguka, akapanda tena, akakaa. Dakika sita kwa saa yangu.

Alifika ufuoni anatetemeka na meno yanagongana. Nikamfunika koti langu.

"Baba, uliniona nilivyoanguka mara ya pili?"

"Niliona."

"Usimwambie mtu."

Nimekwambia wewe. Leo alfajiri wameingia tena, na nimesimama hapa ufuoni nikimalizia maneno haya. Yeye ndiye anayeongoza. Saa nne haijafika na tayari nawaona wanarudi, wote saba, na kayaki ya saba ni ya mwanamke mpya, Mukhwana wa mtaa wa Pipeline, ambaye hadi Oktoba aliogopa hata mvua.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, Bedan Wachira. Watoto wako Nthambi na Kiarie. Mama yako mzazi kule Machakos. Kaka yako Ndindi. Mama mkwe wako, ambaye bado anakuita msichana. Rufaida na Kombo. Na wenzako wa Gikomba wa laini yetu. Siku haitapita nyumbani kwetu bila jina lako kutajwa.

Haya tuliyojifunza yana bei, na nitaitaja bila kuipamba. Mke mmoja, tuliyekaa naye miaka ishirini na miwili. Mama mmoja wa watoto wawili, mdogo akiwa darasa la saba. Binti mmoja, ambaye mamake kule Machakos hakuwa na mwingine. Wanawake sita waliingia ziwani siku ile. Watano walitoka.