Vidole Vilianza Lini

Kasingirima, Ujiji
2 Juni 2025

Mwanangu Shadia,

Salaam nyingi zikufikie huko Dar, wewe na mumeo Shukrani. Sisi tuliobaki wazima. Bibi yako mzima, macho ndiyo yale yale, jana kamkaribisha kuku ndani akidhani mgeni. Mdogo wako Mapendo mzima, kanenepa, anasema si mimba, na mimi sijamuuliza. Mwanao Zaituni mzima ila kanigomea kusuka nywele, eti nywele zake zinamngoja mama yake. Mkweo wa Mwanga naye mzima, nilimkuta sokoni akakuulizia, nikamwambia ni baridi tu imeingia mikononi.

Nakuandikia kwa sababu simu yenu ni moja na anayo Shukrani, nami nikisikia anasikiliza maneno yananipotea. Barua anakuletea Yona anayefanya kazi kwenye treni, ni mtu mwaminifu.

Mwanangu, silali vizuri. Siku ya kuondoka niliona umeshindwa kufunga vifungo vya gauni, na ngozi ya mikono inang'aa kama imevutwa na kushonwa kwa nyuma. Hospitalini wameupatia jina huo ugonjwa? Unakula? Wakikuuliza mambo ya zamani, unajua tulivyokubaliana jikoni siku ya hina. Hayo yabaki pale pale.

Nijibu.
Mama yako

Dar es Salaam
15 Juni 2025

Shikamoo mama,

Mimi sijambo kidogo. Nisalimie bibi na Mapendo, na mwambie Zaituni asukwe tu.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Alinifinya ngozi kuanzia vidoleni, mikono, kifua, tumbo mpaka miguuni, kila mahali anaandika namba. Akanidondoshea mafuta kwenye mizizi ya kucha akachungulia kwa lenzi. Nikapuliza mashine ya mapafu.

Anasema ni ugonjwa wa ngozi kukakamaa, na unaweza kuingia ndani ya mwili. Una sura mbili. Moja huenda polepole, hukaa mikononi na usoni, na vidole huwa vinabadilika rangi miaka mingi kabla ngozi haijakaza. Nyingine hupanda haraka hadi mabegani na kifuani, na hushika mapafu na figo mapema. Yangu imefika karibu na kiwiko. Hajui kama imesimama hapo au inapita. Majibu ya damu bado.

Akauliza, "Vidole vilianza lini kuwa vyeupe?" Shukrani alikuwa kiti cha pembeni. Nikasema mwaka jana, baada ya mvua. Daktari akasema, "Mwaka mmoja, na imefika kiwikoni?" Akaandika.

Kama ni hiyo ya haraka, kuna dawa kali anayoifikiria, na huenda nisizae tena. Tunarudi kwake tarehe 14 Julai.

Mama, ulinishikisha Msahafu. Nimwambie nini?

Mwanao Shadia

Dar es Salaam
4 Julai 2025

Shikamoo mama,

Yona kaja mara mbili mikono mitupu. Mnaumwa huko? Sasa hata mdomo haufunguki vizuri, nakula kwa kijiko cha chai. Zimebaki siku kumi.

Shadia

Ujiji
8 Julai 2025

Mwanangu Shadia, damu yangu,

Bibi mzima, Mapendo mzima, Zaituni kasukwa. Hakuna anayeumwa ila mimi, na si ugonjwa wa kupimwa.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikairudisha. Nilikuwa naogopa. Nikaenda kwa maalimu kumuuliza juu ya kiapo. Akasema kiapo cha kuficha kitu kinachomdhuru mtu hakishikiliwi, kinatolewa kafara, walishwe maskini kumi. Nimewalisha Ijumaa, wali na samaki wa migebuka, kwa niaba yako. Umefunguliwa.

Sasa nakuandikia ukamsomee daktari. Ilikuwa mwaka 2016. Tulikuwa ufukweni Katonga tunaosha dagaa alfajiri, ukanionesha vidole vitatu vyeupe kama mshumaa, halafu vikawa vya bluu, halafu vyekundu. Ulicheka. Mimi sikucheka, maana jirani aliona akasema vidole vya maiti. Mwaka uliofuata ikaja posa kutoka Mwanga. Ndipo nikakupaka hina mpaka katikati ya vidole, nikakuapisha, na kila ikififia nikakukumbusha upake nyingine. Wewe hukudanganya mtu, mwanangu. Ni mimi. Miaka tisa, si mmoja. Kama miaka hiyo inakutoa kwenye ile sura mbaya, basi ni mimi niliyekuingiza humo kwa ulimi wangu.

Mpe Shukrani asome kabla ya daktari. Asisikie kwa watu, maana mama yake nimeshamwambia.

Nilikwenda Mwanga jana. Nilimkuta mkweo anachambua maharage. Nikasema yote nimesimama. Akasema, "Mama Shadia, miaka minane nawasifia watu hina ya mwanao." Hakunipa kiti. Akaendelea na maharage yake, nami nikaaga. Nimefika barazani nikasikia ananiita.

"Na mapafu yake?"

Nikasema sijui, hakuniandikia majibu.

"Basi nenda ukaandike umuulize. Umesimama nini?"

Nimeandika. Sijui atamwambia nini mwanawe kwenye simu, na sijui Shukrani atakuangaliaje akimaliza karatasi hii. Akikasirika mwambie anikasirikie mimi, nipo, aje. Lakini wewe tarehe 14 uingie kwa daktari useme miaka tisa, hata kama umeingia peke yako.

Treni ya Yona ya kurudi ikifika nitakuwa stesheni, na mkweo kasema naye atakuja, ila hatakaa karibu nami. Tunauliza mapafu, sote wawili. Mpe Yona jibu siku hiyo hiyo ukitoka kwa daktari, hata mstari mmoja, usingoje kuandika vizuri.

Mama yako