Cheo Kilichonikuta Nikiaga

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo sasa unakuacha ulale, wifi hajambo, na watoto wanakusumbua kwa kiasi. Huku sote wazima. Mama hajambo kabisa. Habari zake nitazifikia.

Nakuandikia kuhusu kazi. Nimeacha kazi kiwandani. Najua utashtuka, maana wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka kwa rafiki yako wa shule, tuliyemwita Fulana kwa kuwa yeye na shati hawakupatana, alipoanza kushona magodoro bandani. Leo yeye ni mkurugenzi, mimi mkaguzi. Kila godoro nalipapasa, nalikalia, nasema litoke au lirudi. Kazi naipenda. Kilichonichosha ni kubaki palepale huku niliowafundisha mimi wakipewa matawi kusimamia. Kiwanda kingine, mji mwingine, wamenipa usimamizi. Mama nilimwambia mapema, akasema niende zangu, yeye na jirani yake wanatoshana.

Pale kiwandani kwetu ukiaga, watu hawangoji ufike getini. Wino wa barua yangu haujakauka, mshonaji mkuu kashachukua kiti changu chenye mto, dereva kachukua kikombe, na dada wa mapokezi kaniuliza kwa heshima zote kama mwavuli wangu bado nauhitaji. Nilicheka tu. Walinitengenezea godoro la zawadi, wakanitania kwamba hili nipokee bila kukagua. Nililikagua. Mshono wa pembeni ulikuwa umepinda, nikalirudisha. Wakaguna, wakashona upya.

Kesho yake Fulana akaniita. Akasema nisiende popote, atanipa tawi jipya lote, na mshahara hautakuwa chini hata kidogo ya ule wa huko niendako. Kusema kweli nilitikisika. Huko ningekuwa mgeni. Hapa hata paka wa stoo ananijua. Nikaomba muda, nikarudi mezani kwangu kufikiri, kiti hakipo. Nikafikiri nimesimama.

Mpaka mchana nilikuwa nimeshakubali moyoni. Hata kiti nilikwenda kukidai, mshonaji mkuu akasema hainuki mpaka aone kwanza hicho cheo kwa macho yake. Basi nikarudi kwa Fulana kumpa jibu, ila nikamuuliza jambo moja: kwa nini leo, baada ya miaka yote hii?

Akashangaa kweli. Akasema tawi amewahi kuniwekea, tena si mara moja. Kila alipokutafuta wewe kwanza, kama kaka mkubwa, ulimwambia Mama ni mgonjwa, haachiki, na kwamba mimi nisiambiwe nisije nikavunjika moyo. Alilisema hilo kwa kukusifu, kaka anayejali mama yake. Aliponiona naondoka ndipo akajua Mama kapona.

Kaka, Mama anaumwa nini?

Nilimuuliza mwenyewe nilipofika nyumbani. Alikuwa anakunja nguo. Akataka kujua nani kasema, nikamwambia. Akamaliza kukunja kanga iliyokuwa mkononi. Kisha akauliza lile begi kubwa liko wapi.

Nimeumia, sikufichi. Ungeniambia tu kwamba uliogopa nikipewa tawi zamu ya kumtunza Mama itakufikia wewe, ningekutukana kidogo, halafu ningekaa naye, na kwa moyo mmoja. Lakini mliketi wawili mkanipangia maisha, na mimi nje ya mlango nakagua mishono. Fulana nimemkatalia. Hana ubaya, ila mtu aliyezoea kumuuliza mwingine habari zangu hataanza leo kuniuliza mimi. Kule naanza Jumatatu. Kiti changu nimemwachia mshonaji mkuu, aliapa kukitunza.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Na tafadhali, usiirudie barua hii ukiwa umesimama mlangoni. Aliyekuletea amechoka na safari. Mpokee begi, umwingize ndani. Godoro lililofungwa juu ya gari ni lake, nimemwachia lile la zawadi. Mtandikie pazuri. Kasema atakaa kwako mpaka apone.

Ni mimi mdogo wako,
Mkaguzi