Baba, Nimewatafsiria Habari za Martha

Baba, shikamoo.

Najua huko uliko hakuna anayekuuliza habari za mahindi, lakini mwaka huu yamekubali. Ila si hayo yaliyonikalisha kukuandikia. Jumapili nilisimama mahali pako kanisani Ihanda, kushoto kwa mchungaji, nikayatafsiri mahubiri yake kwa Kinyiha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitafsiri? Siku ya mfano wa mpanzi, mchungaji alisema mbegu nyingine zilianguka njiani. Wewe ukaongea weee, kina bibi wa benchi la mbele, wasiojua Kiswahili, wakacheka mpaka vilemba vikalegea. Mchungaji akakugeukia: "Mzee, mimi nimesema sentensi moja."

Ukamjibu, "Walitaka kujua kwa nini mkulima mzima anamwaga mbegu njiani, Mchungaji. Nimemtetea kidogo."

Nilikuonea aibu siku ile. Kumbe kina bibi walikuwa wanaondoka na neno zima, wanalijadili wiki nzima kwenye mashamba yao ya kahawa.

Tulipokuzika, benchi lile likaanza kubaki tupu. Jirani yako Bibi Tabu aliniambia, "Mwanangu, nikakae kule nitazame midomo ya mtu? Bora nipalilie." Iliniuma. Wazee wa kanisa wakaniomba nishike nafasi yako, nami nikapiga chenga kwa kisingizio cha duka langu la Tunduma. Ukweli niliogopa. Kinyiha changu kimejaa maneno ya sokoni, na kama ningewachosha, wale wachache waliobaki wangekata tamaa kabisa.

Mwishowe nikakubali, na Bibi Tabu akarudi na wenzake kunisikiliza. Jumapili hiyo neno lilikuwa la Martha na Mariamu: mmoja anahangaika na mapishi, mwenzake ameketi miguuni pa Yesu anasikiliza. Nilianza kutafsiri neno kwa neno kama karani. Kina bibi wakaanza kupiga miayo. Mchungaji aliposema Mariamu ndiye aliyechagua vizuri, Bibi Tabu akanong'ona, ila kanisa zima lilimsikia: "Na chakula nani apike?"

Hapo nikaacha kutafsiri, baba. Nikawaambia Martha namjua, ni mimi. Kila mwezi nilikuletea mchele na sukari, nikakufulia, nikasugua masufuria, kisha nikawahi gari. Ulikuwa ukisema, "Kaa basi tuongee," nami nikijibu, "Nikija tena, baba." Nikawaambia Yesu hakumkataza Martha kupika, alitaka naye apumzike asikie. Nilikuwa na furaha, furaha ya kweli. Kina bibi walikuwa wanaitikia kila neno, na mmoja akaniamuru niongeze sauti.

Baada ya ibada Bibi Tabu akanishika mkono, asiuachie. "Twende nyumbani," akasema. "Hatujamalizana na huyo Martha."

Gari la Tunduma likapiga honi barabarani. Nikaliacha liende, nikaenda kukaa nao.

Pumzika, baba. Huku tunasikilizana.

Ni mimi, bintiyo.