Karatasi Zimekwama Kwako

Mama Rispa,

Nisamehe kukaa kimya hivi tangu tukuzike. Mtoto anaota meno, hatulali, na kila nikishika kalamu nalia, naiweka. Leo nimeshika kwa hasira, basi afadhali.

Mama, huku ofisini Mamboleo hujafa. Kwenye kompyuta karatasi za vikapu zinapanda vilevile ulivyonifundisha: mimi mdogo naweka muhuri wangu, ule mduara mwekundu wenye jina tulioletewa na Wajapani wanaonunua vikapu vyetu, halafu zinakuja kwako. Na kwako zinakwama. "Inasubiri idhini ya Rispa." Kila asubuhi nasoma hiyo, chai inanipalia.

Nimewaandikia Japani kwamba umefariki. Wakajibu kwa heshima, pole nyingi, wakatuma fomu ya kukutoa kwenye mfumo. Nikajaza. Unajua imekwama wapi? Kwako! Lazima ipigwe muhuri na mkubwa wangu, na mkubwa wangu ni wewe. Nilicheka peke yangu mpaka askari wa geti akachungulia.

Na vikapu vya kina mama wasusi wa Luanda Kotieno vimejaa stoo. Mvua haikatiki, na gugumaji walilosukia likinyonya unyevu unajua linavyoota ukungu. Wanapiga simu: "Nyathina, mwanangu, mzigo wetu umeenda?" Bado. Mmoja akaniuliza kama nimewakalia makusudi. Mimi!

Ouma, meneja mpya, ambaye muhuri wake unafuata baada ya wako, ana dawa yake. "Madam, namba yake ya siri si unaijua? Bonyeza tu. Marehemu hawezi kukuripoti." Nikamuuliza, "Na wewe ukienda, nibonyeze yako?" Akatoka na simu sikioni, na hakuna aliyempigia.

Naijua, ndiyo. Macho yakikusumbua uliniambia niiandike mimi. Lakini muhuri uliubonyeza mwenyewe, baada ya kuingiza mkono kila kikapu mpaka chini, ukitafuta unyevu na ncha za kuchoma. Ukanionyesha hata kulaza muhuri wangu kidogo kuelekea wako, kama Wajapani wanavyofanya kwao, mdogo amwinamie mkubwa. "Inama, nyathina, lakini usilale." Sasa nainamia kisanduku kitupu cha muhuri wako. Inauma, Mama. Inauma vibaya.

Sibonyezi. Mkono wako haujaingia kwenye hivi vikapu.

Jana nimefunga mtoto mgongoni, nikaingiza mkono wangu, kikapu kimoja kimoja. Vilivyoshika ukungu nimevitoa. Halafu nimechapisha karatasi ikiwa na muhuri wangu peke yake, umesimama wima, nikaipiga picha na kuituma moja kwa moja kwa mkubwa wa Japani, nikimruka Ouma. Chini nimeandika: "Rispa amekufa. Aliyekagua ni mimi. Mwenye swali aniulize mimi." Hajajibu. Pengine nitafukuzwa. Kama ni hivyo, kina mama watasikia kutoka kwa mdomo wangu, siyo kwa Ouma.

Lakini hili nakuahidi: nikiwa kwenye hiki kiti, jina lako halipigwi na kidole cha mtu mwingine.

Oriti, kwaheri Mama. Pumzika, sisi tutahangaika. Ila kama huko kuna njia ya kutuma kitu, nahitaji haya tu: jua la kukausha stoo, mtoto alale hata mpaka alfajiri, jibu kutoka Japani kabla kina mama hawajapiga tena, na ile sauti yako ya kumnyamazisha meneja bila kuinuka kwenye kiti.