Mbwa Asiyenisikia

Jumatatu, 4 Agosti

Kidonda kimefunga. Nimekiosha kwa maji ya chumvi kama kila asubuhi tangu mwezi wa tano, nikapaka dawa ya GV, mguu mzima wa nyuma umekuwa zambarau. Ametulia tu. Hajawahi kuning'ata, hata siku ile nilipomkuta mashambani nyuma ya shule, waya wa mtego umezama nyamani. Nilimbeba kwenye kiroba cha mahindi. Walimu wenzangu walisema nimechanganyikiwa. Majirani walisema mwalimu amechoka kukaa peke yake, kajiokotea mtoto mwenye mkia. Ndiyo maana nikampa jina la Watasema. Kila nikimwita, wasikie.

Tatizo ni kwamba mwenyewe hasikii.

Amemaliza ugali na dagaa, kisha kaenda getini kumsubiri muuza maziwa. Saa moja kasorobo. Hakosei.

Muuza maziwa ni Yeyo. Ndivyo mtaa wote unavyomwita, mama wa Kimasai, umri kama wa mdogo wangu wa mwisho. Alianza kupita kwetu mwezi wa sita. Watasema akimwona, mkia unapiga mpaka kiuno kinacheza. Mimi napewa mkia wa heshima. Mara mbili, basi.

Jumatano, 6 Agosti

Jana jioni nzima nimemfundisha. Kaa. Hakukaa. Njoo. Hakuja. Nikajaribu Kishambaa cha nyumbani. Wapi. Nikapiga makofi, akageuza sikio moja. Nikaamua ni kiziwi, labda alipigwa kichwani. Nikamhurumia, nikamwongezea dagaa.

Leo asubuhi Yeyo amefika getini akasema neno moja, kwa sauti ndogo ya kuzungumza na mtu. Mbwa akakaa. Masikio mbele, macho mbele, kama darasa la kwanza siku ya mkaguzi.

Mbwa wangu si kiziwi. Mbwa wangu ni Mmasai.

Miaka ishirini na mbili nafundisha hapa Misima. Kila Januari napokea watoto wa mabomani wasiojua hata neno la Kiswahili, na ninajua kabisa kwamba si wajinga. Kwa mbwa sikuwaza. Yeyo amewaza. Au hakuhitaji hata kuwaza.

Naona wivu. Naliandika neno lenyewe ili nisijidanganye.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Shule hakuna. Nimejificha nyuma ya ua wa minyaa na kalamu, nikaandika kiganjani kila alichomwambia. *Wou*, njoo. *Tapala*, acha. *Sidai*, nadhani ni nzuri, maana analisema huku anamkuna shingo.

Bibi Zaina, mwenye nyumba wangu, alikuwa anafagia upande wa pili. Mzee wa Kizigua, mtu wa swala tano, mbwa hamruhusu hata kukanyaga baraza lake. Lakini macho yake hayapitwi. Akauliza, "Mwalimu, umepoteza nini huko kwenye minyaa?" Nikasema hereni. Akanitazama masikio. Sijawahi kutoga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya mazoezi bafuni. Halafu nimesimama katikati ya uwanja, nikasema *wou*.

Alinyanyuka kama aliyechomwa mwiba. Sikuamini. Alikuja mbio, mguu mbovu unaruka, moyo wangu unaenda mbio naye. Akanipita. Akaenda getini, akaweka pua kwenye uwazi, akatazama barabara kulia na kushoto.

Neno alilijua. Alikuwa anamtafuta mwenye neno.

Sikula mchana.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeacha kununua maziwa. Nimemwambia Yeyo tumbo langu linayakataa. Uongo mtupu. Tumbo langu linakula mihogo ya jana na halisemi kitu. Amesema pole mwalimu, akachukua kibuyu chake. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe alipofika kona ya ua aliinama kwenye pengo la minyaa, akakaa pale muda wa kuchemsha chai. Mkia wa Watasema niliuona kutoka dirishani.

Chai ya rangi siipendi. Nimeinywa kwa hasira.

Jumatano, 13 Agosti

Chai ya rangi.

Jumapili, 17 Agosti

Leo nimevuka mpaka.

Nimetoka kanisani nikamkuta Yeyo amechuchumaa pengoni, mkono umeingia ndani mpaka begani, anamtoa kupe. Anaimba kidogo kidogo. Mbwa amelala chali. Chali. Mimi nimemwosha kidonda siku tisini, hajawahi kunionyesha tumbo.

Nilipiga kelele. Mimi, na gauni langu la kwaya, barabarani. Nikasema mbwa huyu ana mwenyewe. Nikasema hata mwizi hubisha hodi. Hilo la pili sikulipanga, lilitoka.

Yeyo alisimama, akajifuta vidole kwenye shuka. Akasema, "Ndiyo, mwalimu. Ana mwenyewe." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mchana nimekata miiba nikaziba pengo. Mikono imechanika yote. Bibi Zaina amenitazama mpaka nikamaliza, hakusema neno, naye si mtu wa kukosa neno.

Jumatatu, 18 Agosti

Yeyo hakupita. Watasema amekaa getini hadi naondoka kwenda shule. Niliporudi alikuwa palepale.

Alhamisi, 21 Agosti

Korogwe, kwa daktari wa mifugo. Kondakta wa basi alisema mbwa hapandi, labda nimchinje kwanza. Nimekodi bodaboda. Watasema ndani ya kiroba mapajani kwangu, kichwa nje, midomo inapepea kwa upepo. Njia nzima alikuwa ameniegemea. Siku ya furaha kuliko zote mwaka huu, niseme ukweli.

Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata. Daktari akauliza jina la mmiliki. Nikalitaja langu, majina yote matatu, polepole, nikamwangalia akiandika. Kadi nimeiweka kwenye Biblia.

Daktari amemshika mguu. Mfupa ulipasuka wakati ule wa waya, umeunga kombo. Kutembea nyumbani hakuna shida. Safari ndefu hataweza, atakuwa wa kubaki nyuma. Nikasema haendi popote huyu.

Jumanne, 26 Agosti

Yeyo amerudi. Amesimama ng'ambo ya barabara, hakusogea. Mbwa amelia. Nimemwingiza ndani nikafunga mlango.

Jumatatu, 1 Septemba

Bibi Zaina kaniletea habari na bakuli la maharage ya nazi. Majani yameisha, malambo yamekauka. Wafugaji wote wa bonde la huku wanahamia upande wa Kilindi na ng'ombe wao. Boma la kina Yeyo linaondoka Ijumaa.

Nimefurahi. Mungu ananiona, nimefurahi mpaka nikala bakuli lote. Ataondoka, mbwa atasahau, atabaki na mimi. Mbwa husahau. Nadhani.

Baadaye nikafikiri, je, akimfuata? Nimekwenda dukani kununua kamba.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemfunga kwenye mwarobaini. Hajala. Nimejaribu ugali, dagaa, utumbo, hata yai. Anatazama geti. Kamba imemchubua shingo, nimempaka GV na huko nako.

Nilimfungua waya wa mtu mwingine, nikamfunga kamba yangu. Nimeliona hilo. Sijamfungua.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeomba ruhusa shuleni, nimesema naumwa. Kwa mara ya kwanza sikudanganya sana.

Tangu alfajiri ng'ombe wanapita, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Watasema ameuzunguka mwarobaini mpaka kamba imeisha, kichwa kimebanwa kwenye shina. Nilikuwa namzungusha kumrudisha, ndipo nikasikia hodi.

Yeyo, na kibuyu. Amesema haya ni ya kunywa tu, si ya kuuza. Nikapokea. Ningefanyaje. Mbwa alikuwa analia sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba. Yeyo hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja.

Sijui nilichofikiri. Sikufikiri. Nilifungua kamba.

Alimrukia kifuani, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi, shanga zikalia. Yeyo alimkamata ule mguu mbovu na kuupitisha kidole gumba juu ya mfupa, chini, juu, kama daktari alivyofanya. Akaufikia mkunjo. Akauacha.

"Anaitwa Naibor," akasema. "Mweupe. Mama yake alikufa, mimi nikamlea kwa maziwa ya mbuzi, akinyonya kidoleni."

Nikabaki na kibuyu mkononi.

Akasema alipotea mwezi wa tano. Mumewe alisema keshaliwa. Mwezi wa sita Yeyo alikuwa anapita kwenda mnadani, akachungulia juu ya ua wangu, akamwona nimemlaza mapajani nafunga kitambaa. Siku ya pili akabadilisha njia yake ya maziwa, aje huku. Huku ambako hakuwa na mteja hata mmoja.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unamfunga kidonda, mwalimu. Nikasema akipona, nitasema. Sasa amepona vibaya. Kilindi ni siku nyingi. Atabaki nyuma, na nyuma kuna fisi."

Kisha akamwinamia mbwa, akamwambia neno. Silo lolote kati ya yale niliyoiba. Mbwa akakaa. Yeyo akatoka, akafunga geti mwenyewe, akawafuata ng'ombe. Hakugeuka. Mbwa alikuwa anatetemeka mwili mzima kama mwenye homa, lakini makalio hayakunyanyuka ardhini.

Nimemwita mwizi mwanamke huyu. Mwizi nilikuwa mimi, na alikuwa ananiletea maziwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Bado yuko palepale. Amelala hapo. Chakula hajagusa. Nimemwita Watasema mpaka mtaa mzima ukachungulia.

Niseme jambo la aibu. Bado naona wivu. Mwenzangu kaacha kila kitu na kwenda, na mimi nimesimama uwanjani namwonea wivu kwa sababu neno lake limebaki hapa na lina nguvu kuliko chakula changu. Mbwa ninaye. Ninaye kwa amri ya mwingine.

Nimekunywa maziwa. Yalikuwa na harufu ya moshi, yale mazuri. Nimelia kidogo, nikaosha kibuyu.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Bibi Zaina amekuja mpaka getini, ameketi upande wa nje na kanga yake ameikusanya vizuri isiguswe. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Amesikiliza. Akasema alijua tangu mwezi wa sita, Yeyo alimwambia, akamwomba asiniambie. Nikamuuliza mbona basi alikubali kuniacha nijiaibishe. Akasema, "Ningekwambia, ungempa?"

Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri.

Jumatatu, 8 Septemba

Shule, kama kawaida. Nimerudi saa tisa na madaftari ya darasa la nne.

Nimesogeza bakuli mpaka hatua tano kutoka getini. Nimechuchumaa. Nikasema Naibor, mara moja, bila kupaza sauti. Aligeuza kichwa chote. Alinitazama usoni muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuta mtu nyuma yangu. Akaja. Akala ugali wote, akalamba na bakuli. Sikumshika.

Alipomaliza akarudi getini, akakaa palepale alipoambiwa akae, uso barabarani.

Nimebeba kigoda nikaenda kukaa naye. Barabara imebaki na nyayo za ng'ombe tu. Nimesahihisha madaftari yote pale, arobaini na moja, mpaka mwanga ukapungua. Hakunitazama. Sikumwita tena.